Sababu ya Tatu ya Rufaa

Nyumbani, 3 Februari

Kizee wangu,

Nianze na afisa anayefungua barua za gerezani, maana yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza na mpaka leo sijamjulia hata hali. Afande, hujambo? Kazi njema. Ukimaliza kusoma mpe mwenyewe.

Sasa wewe. Tumepata wakili! Ni mtu mzima, miwani yake ameifunga uzi sikioni, na hucheka peke yake akisoma makaratasi. Mwanzoni nilimwona kichekesho, lakini alipofungua jalada lako hakucheka hata mara moja, nikajua huyu kazi anaijua. Mahakama ya rufaa imekubali kuisikiliza kesi yako mwezi wa nne. Majaji watatu, si hakimu mmoja mwenye haraka ya kwenda kula.

Ameandika sababu tatu za kuipinga hukumu. Mbili za kwanza ni za kisheria, kichwa changu cha mshona mapazia hakikuzishika vizuri. Ya tatu niliishika kwa sababu ni mimi. Nilisimama mbele ya hakimu, nikala yamini, nikasema kwamba jioni ile karakana ya useremala ya marehemu baba ilipoungua ulikuwa nyumbani na mimi, tumekaa mezani tunakula tangu saa kumi na mbili. Hakimu akanifuta kwa mstari mmoja: huyu ni dada yake, simwamini. Wakili anasema hakimu hana ruhusa ya kumtupa shahidi hivyo bila kueleza kwa nini. Kwa hiyo, bwana mdogo, maneno yangu ndiyo yatakayokutoa.

Ila nina jambo moyoni na nitalisema. Mara tatu nimekuja siku ya kutembelea wafungwa, mara tatu askari ananiambia hutaki kutoka. Mara ya kwanza ulikuwa na homa, sawa. Ya pili je? Na ya tatu? Nimekukosea nini? Miaka saba si mchezo, na mwaka na ushei umeshaumaliza bila kuniona uso. Huku nje baba mdogo hata hajifichi tena. Amejenga upya kwenye kiwanja cha baba na kuandika jina lake getini. Mlinzi wa karakana naye, ambaye ushahidi wake ndio uliokufunga, yuko palepale langoni, vidole vimejikunja tangu alipoungua akiokoa mbao. Nikimwona navuka barabara.

Nitumie neno.

Dada yako


Gerezani, 15 Februari

Dada,

Barua imefika, muhuri wa IMEKAGULIWA umepigwa juu ya jina langu. Afisa anasema hajambo.

Nashukuru kwa wakili. Miwani yake sina ubishi nayo. Nina ubishi na haraka yako. Mwaka mzima ulikuwa unaniandikia habari za mapazia, na jirani wa kushoto, na paka wa jirani wa kushoto. Ghafla rufaa, ghafla sababu ya tatu, ghafla maneno yako. Unayapenda sana yale maneno, Dada. Umeyarudia kama mtu anayeogopa kuyasahau.

Kuhusu kutembelewa: huku tunazungumza kupitia wavu, na askari anasimama katikati ametega sikio. Mimi nikikuona nitataka kukuuliza mambo, na mbele yake siwezi. Ndiyo maana nabaki ndani.

Nikuulize kitu kidogo tu, nawe unijibu kidogo tu. Siku ile tulikula nini?

Mdogo wako,
Kizee


Gerezani, 16 Februari
Kwa Wakili. Siri kati ya mteja na wakili wake, isifunguliwe.

Mzee Wakili, shikamoo.

Nimeambiwa barua ya kwenda kwa wakili haifunguliwi na afisa. Natumaini ni kweli, maana humu kila mtu ana namna yake ya kulielewa neno siri.

Naomba uifute sababu ya tatu. Nitakueleza kwa nini, halafu uamue kama bado unataka kunitetea.

Siku ya moto nilirudi nyumbani saa kumi na mbili kasoro, homa inanitetemesha. Dada hakuwepo. Koti la kaki la baba halikuwepo pia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ni koti ninalovaa kila siku, siku hiyo tu nililiacha kwa sababu asubuhi kulikuwa na jua. Sasa mvua ilikuwa inanyesha. Nilikunywa chai iliyopoa, nikajifunika. Saa moja na robo hivi nikasikia mlango, nikasikia koti linatundikwa na maji yanadondoka sakafuni. Hakuja chumbani kwangu. Baada ya muda mfupi watu wakaanza kupiga kelele za moto. Asubuhi polisi walilikuta koti bado limelowa, na Mlinzi akawaambia alimwona mwenye koti lile akitoka mlango wa nyuma wa karakana saa moja. Mlinzi si mwongo. Alimfanyia baba kazi miaka kumi na minane.

Sasa unaona. Mimi nilikuwa nyumbani kweli, na ninatetewa na shahidi ambaye hakuwepo.

Mahakamani nilinyamaza kwa sababu kila neno la kweli la kunitoa mimi lilikuwa linamwingiza yeye. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Hata hili jina la Kizee amenipa yeye, kwa vile nilipokuwa na miaka minne nilitembea na mikono mgongoni nikikagua nyumba. Ningesema nini? Lakini alipoapa kwamba tulikuwa mezani wote wawili, moyo wangu ulikataa. Alikuwa ananitetea mimi, au anajitetea yeye? Mwaka mzima nimekaa na swali hilo. Kama alichoma, angeniambia, ningekibeba kifungo kwa hiari yangu. Ameniacha nikibebe bila kuniambia, halafu ananiandikia habari za paka.

Mpe nakala ya mwenendo wa kesi, yote. Mwambie asome. Nataka kuona atasema nini akifika ukurasa wa 31.

Wako,
Mfungwa seremala


Ofisini, 25 Februari

Kijana wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika bahasha haijaguswa, nimeikagua kwa lenzi. Mimi pia simwamini mtu.

Umenipa kazi ngumu. Nikishaambiwa jambo siwezi kujifanya kiziwi. Wakili hawezi kusimama mbele ya majaji akitumia ushahidi ambao mteja wake mwenyewe amemwambia ni wa uongo. Sababu ya tatu nimeifuta. Sitasema kwa nini, si kwa majaji wala kwa dada yako.

Lakini uelewe unachokiacha. Wengi wanadhani rufaa ni kesi kuanza upya: utasimama useme, mashahidi wataitwa tena, Mlinzi ataulizwa tena. Hapana. Kule hakuna shahidi hata mmoja. Kuna majaji watatu na kitabu kimoja, huo mwenendo wa kesi, ambamo kila neno lililosemwa kwa hakimu limepigwa chapa. Majaji hawamtafuti aliyechoma. Wanamchunguza hakimu: ulisikia nini, ukaamini kipi, kwa nini, na je, kilitosha kumfunga mtu? Kisichomo kitabuni, kwao hakipo. Chai yako iliyopoa haimo. Ulipopewa nafasi ya kuisema ulinyamaza, na sasa nafasi imepita.

Kilichobaki ni Mlinzi. Aliona mgongo tu, jioni, kwenye mvua, hatua hamsini, taa ya lango ikiwa haijawashwa. Uso hakuuona. Alitambua koti, na koti si mtu. Hapo nitakaza. Lakini nakuonya mapema. Ili wewe utoke, itabidi niyachambue macho ya mzee yule mpaka yaonekane hayafai, na mimi na wewe tunajua yaliona sawasawa. Mimi nimezoea. Wewe jiulize kama utaweza kuishi nalo.

Kitabu nimempelekea dada yako.

Wakili wako


Nyumbani, 9 Machi

Mzee Wakili, shikamoo.

Kitabu nimekipokea, kurasa tisini na mbili. Nimezisoma kurasa zangu, 44 mpaka 47, mara nne. Wameandika vizuri, kasoro hawakuweka pale nilipopiga chafya.

Kisha nikasoma karatasi yako ya sababu za rufaa. Ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Ya tatu imepigwa mstari! Ulikaa hapa kwangu, ukanywa maji yangu, ukaniambia mimi ndiye nguzo ya kesi. Nani amekuambia unitoe? Nauliza kwa sababu wiki iliyopita nilimwona baba mdogo akitoka mtaa wa ofisi yako, na dereva wake amebeba mbao. Na ofisi yako, nimeiona kwa macho yangu, ina mlango mpya. Sisemi kitu. Nauliza tu.

Dada wa mteja wako


Nyumbani, 10 Machi

Kizee,

Umeuliza tulikula nini. Viazi. Niliiambia mahakama viazi, nimezisoma kurasa zangu nne, imo ukurasa wa 45, na hakuna aliyebisha. Swali gani hilo la kumuuliza dada yako kwenye barua inayosomwa na watu?

Na mimi nina langu. Sababu ya tatu imefutwa. Mwanzo nilidhani Wakili amerubuniwa, nikamwandikia maneno makali. Leo nimekaa kwenye cherehani nikafikiri vizuri. Wakili hafuti kitu bila mwenye kesi kutaka. Ni wewe. Mtu ana kifungo cha miaka saba, anafunguliwa mlango, anaufunga mwenyewe. Mimi najua sababu moja tu ya mtu kukataa kusemewa kwamba alikuwa nyumbani.

Mwaka mzima nimejizuia kukuuliza. Msibani kwa baba wote tulikusikia ukimwambia baba mdogo kwamba afadhali karakana iungue kuliko kuiona mikononi mwake. Nikasema ni hasira ya kufiwa, itapita. Haikupita hata miezi mitatu, karakana ikaungua. Sikukuuliza kitu, nikasimama upande wako, basi, kwa sababu wewe ni mdogo wangu. Malipo yangu ni kufutwa kwa kalamu na kuulizwa habari za viazi! Afande, samahani, haya ni ya familia.

Kama kuna kitu, kiseme. Kama hakuna, acha kiburi, irudishe sababu ya tatu. Nimechoka kuogopa jibu lako.

Dada yako


Gerezani, 21 Machi

Dada,

Kurasa tisini na mbili, umesoma nne, na zote ni zako.

Soma ukurasa wa 31. Siku ile mashahidi mlikuwa mmekalishwa nje kwenye benchi ili msisikiane, kwa hiyo hukusikia aliyoyasema mtu wa zimamoto, wala baba mdogo. Mimi niliyasikia. Nilikuwa nakuona kupitia kioo cha mlango, unakula karanga. Soma, halafu uniandikie tena kuhusu hasira yangu ya msibani.

Kizee


Nyumbani, 2 Aprili

Mzee Wakili, shikamoo.

Kwanza naomba radhi kwa habari ya mlango. Nilikosa adabu.

Nimeusoma ukurasa wa 31. Ni siku ya tano leo sijashona hata pindo moja. Wewe unaujua, lakini acha niuandike ili niamini kwamba ndivyo ulivyo. Mtu wa zimamoto alisema moto ulianzia kwenye jiko la kuyeyushia gundi. Jiko lilikuwa limejazwa maranda ya mbao, na mlango wake haukufunga kwa sababu ulizuiwa na kopo la vanishi. Baba mdogo akasema: kaka yangu alikuwa analiacha lile jiko na moto mdogo kila jioni ili gundi isigande mpaka asubuhi. Mimi nilipiga marufuku. Tukifunga tunalifukia majivu, na makopo ya vanishi tunayapanga papo hapo karibu nalo. Aliyelilisha lile jiko ni mtu aliyelelewa na kaka yangu.

Hakimu akaandika kwamba aliyelelewa na marehemu ni mshtakiwa. Hakukumbuka kwamba marehemu alilea wawili.

Sikuyajua haya. Nilipokuwa benchi sikusikia, na nilipomaliza kutoa ushahidi wangu nilikwenda moja kwa moja nyumbani.

Nina swali. Mtu akiwa na neno ambalo hakulisema kwa hakimu, au alisema lingine badala yake, majaji wa rufaa watalipokea?

Dada wa mteja wako


Ofisini, 6 Aprili

Binti yangu,

Mlango ule alinitengenezea shemeji yangu, na haufungi. Radhi imepokelewa.

Swali lako sitalijibu lote. Mimi ni wakili wa mdogo wako. Nikikuambia sema, au nikikuambia nyamaza, nitakuwa namtumikia mmoja na kumsaliti mwingine. Tafuta wakili wako mwenyewe kabla hujamwambia mtu yeyote neno jingine, hata mimi.

Nitakuambia tu yale ambayo ningemwambia mpita njia. Majaji wa rufaa hawapokei neno jipya ila kwa ombi maalumu, na wengi wanaoomba hurudi mikono mitupu. Kesi itasikilizwa tarehe 14, hukumu itafuata wiki tatu hivi baadaye. Na mtu aliyeapa mbele ya hakimu akasema lisilo kweli ana kesi yake mwenyewe inayomsubiri.

Pumzika. Sauti ya barua yako si nzuri.

Wakili


Mahakama ya Rufaa, Masjala
29 Aprili

YAH: BAHASHA YAKO YA TAREHE 20 APRILI

Bahasha uliyoielekeza kwa "Majaji Watatu, wapewe mkononi" inarudishwa kwako bila kufunguliwa. Rufaa husika imekwisha kusikilizwa na inasubiri hukumu. Mahakama hii huamua kwa kumbukumbu zilizomo kwenye jalada. Haipokei barua kutoka kwa ndugu wa wahusika.

Unaombwa usirudie.

Msajili


Kwa fundi mwenzangu, 8 Mei

Dada,

Hii haina muhuri. Bahasha nimeifunga mwenyewe kwa ulimi wangu.

Niliachiwa juzi. Sikuja nyumbani. Niko chumba cha nyuma kwa fundi mwenzangu, na najua unajua kwa nini.

Hukumu ilisomwa dakika kumi na moja. Jaji wa katikati alisema mgongo wa koti kwenye mvua hautoshi kumfunga mtu, na kwamba shahidi huenda alikosea. Basi, nikawa huru. Hawakusema sikuchoma, Dada. Walisema haikuthibitishwa. Nikiwa ndani nilidhani ni kitu kimoja. Jana nimekwenda dukani kununua mshumaa, muuzaji akaniuliza, "Na kiberiti?", kisha akajishtukia na kuinama chini kama anatafuta kitu. Fundi mwenzangu, rafiki yangu wa miaka yote, ameniomba kwa upole nisiingie stoo ya mbao akiwa hayupo. Baba mdogo ananitangaza mtaani kuwa nimeshinda kwa ujanja wa wakili. Nitakaa na haya mpaka lini?

Mlinzi alikuwepo mahakamani. Jaji aliposema huenda alikosea, mzee alisimama, akafungua mdomo ajibu, askari akamshika bega akamketisha. Mimi nilitokea mlango mwingine ili nisimkute.

Sasa hakuna afisa wala wavu. Nakuuliza wazi. Uliichoma makusudi? Na ulipoapa, ulikuwa unanifunika mimi au unajifunika wewe? Nijibu kweli hata kama ni mbaya. Nikisikia uongo tena kutoka kwako, nitahesabu sina dada.

Kizee


Nyumbani, 13 Mei

Kizee,

Ni mimi niliyekuwa ndani ya koti. Hilo ndilo jibu, yaliyobaki ni maelezo.

Baba mdogo alikataa kutupa hata patasi moja ya baba, unakumbuka. Mimi nilikuwa naitaka randa yake ndogo ya kulainishia mbao, ile aliyotufundishia, mikono yake juu ya mikono yetu. Nilijua wanafunga saa kumi na moja. Nikazunguka mjini mpaka watu wakaisha, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Komeo lile la mbao alilichonga baba mwenyewe, linafunguka kwa rula. Nikaichukua randa, nikaiweka ndani ya koti. Nilipokuwa natoka nikapita kwenye jiko la gundi. Kizee, sikufikiri. Niliona makaa kidogo chini ya majivu, na baba alikuwa anatuambia kila jioni kwamba wa mwisho kutoka alishe jiko. Nikachota maranda viganja vitatu, nikatia, nikausukuma mlango wa jiko kwa goti bila kugeuka. Utoto wangu wote nimefanya hivyo. Makopo ya vanishi sikuyaona. Enzi za baba pale palikuwa na sakafu tupu. Nilitoka nikiwa na furaha, nadhani hata niliimba.

Zilipopigwa kelele za moto, nilijua nimeiacha karakana salama, kwa hiyo nikaamini kuna mtu aliyekwenda baada yangu. Mlango wa chumba chako ulikuwa umefungwa. Sikuufungua. Niliogopa kukikuta kitanda kitupu. Kama ningeusukuma tu mlango ule ningekukuta umejifunika unatetemeka, na yote haya yasingekuwa. Umeuliza nilikuwa nakufunika wewe au najifunika mimi. Vyote viwili. Nilikuwa nakuokoa wewe, na nilikuwa naogopa habari ya koti. Niliapa nikidhani namficha mchomaji, kumbe mchomaji ndiye aliyekuwa anaapa. Na ulipokataa kuniona, badala ya kujiuliza mimi nimefanya nini, nilizidi kukushuku. Hilo linaniuma kuliko kiapo.

Niliposoma ule ukurasa niliandika yote haya, nikawapelekea majaji. Wakanirudishia bahasha bila kuifungua. Nikuambie kweli kama ulivyotaka: nilifurahi. Siku nzima nilifurahi. Nikasema nimejaribu, sheria yenyewe imekataa, sasa niacheni. Nikaificha bahasha chini ya vitambaa. Ingekuwa bado iko huko. Kisha barua yako ikaja, na pale ulipoandika kwamba Mlinzi alisimama na kuketishwa sikuweza kuendelea kusoma.

Jana asubuhi nilikwenda kwake. Anakaa chumba kimoja nyuma ya ghala la saruji. Baba mdogo amemwachisha kazi siku ileile ya hukumu, ati mlinzi asiyeona ni wa nini. Nilimpa bahasha. Akaipokea, akaigeuzageuza, kisha akanirudishia, kwa sababu vidole vyake haviwezi kupasua karatasi. Nikaifungua mimi, nikamsomea kurasa tatu zote. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza:

"Lilikuwa koti la marehemu?"

"Ndiyo, baba."

"Ukatokea mlango wa nyuma. Saa moja."

"Ndiyo."

Akalia, Kizee. Mikono yake hakuitaja hata kidogo. Alimwita mkewe aliyekuwa anafua nje, akamwambia, "Mama, hebu njoo usikie. Niliona sawasawa." Akataka nimsomee tena, kwa sauti, mkewe asikie. Nikasoma. Akasema majirani nao walisikia ile hukumu, waitwe. Wakaja, wanaume kwa wanawake. Nikasoma mara ya tatu nimesimama mlangoni kwake, mzee amekaa kwenye ndoo nyuma yangu anarudia kila mstari unaomhusu.

Kesho nakwenda kituo cha polisi. Nimepata wakili wangu, mwanamke mkali. Amenigombeza kwa kuzungumza kabla ya kumwona, na atanisubiri kule saa tatu. Mlinzi amesema atakuja na sisi. Anataka kulisafisha jina lako kwa mdomo wake mwenyewe, aseme si yule kijana, na anataka waandike mbele yake kwamba hakukosea.

Sikuombi uniamini leo. Rudi nyumbani, mimi nikiwepo au nisiwepo. Ufunguo nimemwachia jirani wa kushoto, na randa ya baba iko mezani, lakini usiiguse kwanza, polisi watakuja kuichukua.

Dada yako